Kasha Lililovaa Soksi

Ukifika Mnyambe, huku kwetu Newala, ukauliza mke wa Alfredi anakaa wapi, utaelekezwa shambani, na huko hutamkuta. Uliza Mama Anderson wa picha. Hapo watu watakunyooshea kidole mpaka mlangoni, na wa kwanza kufika atakusimulia harusi ya dada yake iliyopigwa na Lois, jinsi alivyoikata vizuri hata yule mjomba aliyelewa akaanguka kwenye keki haonekani.

Ndiye huyo. Lois ni mzaliwa wa Chiwata, mjukuu wa mwalimu wa kanisa, wale Waanglikana wa zamani waliofundisha katekisimu na hesabu kwa fimbo moja ileile. Alipoolewa kuja Newala alikuja na vyombo vyake, nguo zake, na kamera aliyorithi kwa shangazi yake. Wakwe wakasema kamera ni ya ubibi harusi tu, mwache achezee, mimba ya kwanza ikiingia ataisahau. Mimba ikaingia, Anderson akazaliwa, akakua, akapelekwa shule ya bweni, na kamera iko palepale begani kwa mama yake. Wakwe wakachoka wenyewe.

Anapiga harusi, kipaimara, maulidi. Lakini msimu wake hasa ni Desemba, korosho zikishauzwa, watoto wanapotoka jandoni na mabinti unyagoni, na kila nyumba ina sababu ya kupigisha ngoma. Na msidhani kazi ni kupiga picha. Kupiga picha hata mimi naweza. Kazi ni kukaa mbele ya kompyuta ukakata, ukaunga, ukaweka wimbo pale mwali anapoinua uso, mama mtu akiona atoe machozi. Hapo ndipo Lois alipokuwa na mkono wake. Na hapo ndipo salfa ilipompiga.

Asiyekulia kwenye mikorosho haijui salfa, ngoja nimwambie. Ni unga wa manjano, laini kuliko unga wa sembe, unaopulizwa mikoroshoni ili maua yasioze kwa ukungu. Ikifika Juni mashine za mgongoni zinanguruma alfajiri, na mpaka jua lipande kijiji kizima kinawashwa macho. Inaingia kwenye nywele, kwenye uji, kwenye shuka. Hatulalamiki, maana bila salfa hakuna korosho, na bila korosho hakuna ada wala bati.

Sasa kompyuta ya Lois, lile dude refu kama kabati ambalo huku tunaliita sipiyu, lilikaa sebuleni chini ya dirisha linalotazama shamba. Na feni za kompyuta kazi yake ni kuvuta hewa. Zikavuta hewa, na salfa ndani yake, msimu hadi msimu. Mwezi wa Julai ikazimika katikati ya kazi, isiwake tena. Fundi alipoifungua alikuta tumboni manjano tupu, na vile vijinjia vya shaba kwenye bodi vimegeuka vyeusi.

"Salfa imekula shaba," fundi alisema. "Hii si kompyuta, hii ni ghala la salfa la chama cha msingi."

Vilivyopona ni diski na kadi ya video, kile kibao cha kuendeshea picha, ambayo Lois alikuwa ameiweka mwaka huohuo. Tangu hapo akakaa bila kazi ya kukata, akipiga picha za watu na kuwapelekea wengine wakazikate vibaya. Iliuma. Alikuwa anakaa kutazama sherehe aliyoipiga yeye, anaona picha zimeungwaungwa ovyo, anatamani kuingia ndani ya skrini akazipange upya.

Korosho zilipouzwa, Alfredi mumewe akamwita barazani. Alfredi si mtu wa maneno mengi, lakini neno lake likitoka limetoka.

"Mama Anderson, nimekubali ununue nyingine," alisema. "Lakini hii ikifa kama ile, basi. Kamera tuuze, turudi wote kwenye jembe."

"Nimesikia, Baba Anderson."

Hakukuwa na ukali katika neno lile, ndiyo maana lilimtisha. Mtu akikufokea unaweza kumfokea, lakini ukiambiwa kwa upole huna pa kushika. Ikifa, basi. Akatembea na neno hilo mpaka Masasi.

Fundi mwenyewe anaitwa Cuthbert, Mmakua wa Lisekese, mwenye kibanda cha kompyuta pale mjini Masasi. Yeye na Lois, ambaye ni Mmakonde, ni watani, na utani wao hauna likizo.

"Shikamoo dada'ngu."

"Marahaba. Umekula panya wangapi leo, mbona unang'aa?"

"Nimewamaliza wote. Mikia nimekuwekea wewe, najua Mmakonde hasafiri bila kitoweo."

Wakacheka, wakakaa chini kuzungumza kazi. Lois alitaka kompyuta ndogo safari hii. Sebule na dirisha lake alishaviaga, anahamia kwenye kile chumba cha katikati kisicho na dirisha la nje, ambamo meza iliyopo ni ndogo, ya cherehani. Alitaka kitu atakachoweza kukibeba kwapani, na jioni kukifunika kwa khanga moja. Cuthbert akamuuliza kwa nini asichukue laptopu yakaisha.

"Na kadi yangu niichomeke wapi, sikioni?"

Cuthbert akaanza kupekua rafu zake. Bodi ndogo alikuwa nayo, pawa saplai ndogo ya kuleta umeme alikuwa nayo. Kilichobaki ni kuchagua kasha la kuvitia, na makasha madogo alikuwa nayo mawili.

La kwanza, jamani, lilikuwa zuri. Ubavu mmoja kioo, mbele wavu mtupu, ndani taa zinazobadilika rangi. Cuthbert akaliwasha makusudi, likang'aa zambarau, likang'aa kijani, na Lois akaona tayari wateja wamesimama mlangoni kwake wakisema, haa, hii sasa ndiyo studio. Moyo ulishaolewa na kasha lile kabla hajauliza mahari.

La pili lilikuwa jeusi, limezibwa huku na huku, limenuna kama mkwe aliyecheleweshewa chakula. Hewa iliingilia mbele peke yake, kwenye mdomo mwembamba wenye chujio la sponji unaloweza kulichomoa. Halina kioo wala taa.

"Hilo achana nalo," Cuthbert alisema. "Limebana, litachemka. Adui wa kompyuta ni joto, dada. Chukua la wavu, hewa inaingia na kutoka inavyotaka."

Lois akalipakata lile zuri. Akaweka kiganja nyuma ya wavu, akaviona vidole vyake vyote, mpaka pete ya ndoa. Furaha ikaanza kumtoka taratibu. Alikumbuka Julai, na kile kitambaa alichofutia bodi iliyokufa, alivyokifua kikafuliwa na manjano yasitoke.

"Na vumbi je?"

"Vumbi litaingia, litatoka."

"La Masasi labda. Salfa haitoki, mtani. Salfa ikiingia imehamia."

"Wewe unanunua kompyuta au unanunua chandarua?"

Lois akatoka, akaenda duka la jirani, akarudi na kopo la poda ya mtoto. Cuthbert alidhani amenunua zawadi ya mtu. Lois akaomba feni iwashwe kwenye lile kasha la kioo, akafungua kopo, akaanza kuinyunyiza poda mbele ya wavu huku akiimba kidogo kwa ndani.

"We! We! Mama Anderson! Kasha langu unalipaka poda kama mwali anatoka ndani!"

"Tulia. Mwali hapigiwi kelele."

Walipofungua, sakafu yote ya ndani ilikuwa nyeupe, na pale ambapo bodi ingekaa ndipo palipokuwa peupe kuliko pote. Taa zilikuwa bado zinang'aa, zambarau juu ya poda. Kwa kweli lilikuwa linapendeza hata hivyo. Lois akalitazama mara ya mwisho kama mtu anavyomtazama mchumba aliyegundulika ana wake wengine.

Wakaja kwa lile lililonuna. Poda ileile, feni ileile. Chujio likawa jeupe pepepe, na ndani kukabaki kweusi. Sehemu moja tu ilikuwa na doa, kule nyuma kwenye vitundu vya kutolea hewa.

"Umeona?" Cuthbert akaruka. "Hata hili lina njia!"

Lois akainama, akavua soksi. Msicheke. Alikuwa amevaa zile soksi nyepesi za kike za kwendea mjini. Akakata kipande, akakivuta vizuri juu ya vile vitundu vya nyuma, akamwambia Cuthbert akibane na skrubu. Cuthbert alicheka mpaka akakaa chini. Alisema ameshaona kompyuta zenye virusi na kompyuta zenye mende, lakini kompyuta yenye soksi ndiyo kwanza.

Akacheka, lakini kazi akaifanya, na kuifanya kwa moyo. Kadi ya video ikagoma kuingia, imezidi kwa upana wa kidole. Lois akaanza hata kulitupia jicho lile la kioo. Cuthbert akageuza kasha huku na huku, akalifungua lile fremu la kuwekea diski, akaling'oa, diski akaifungia chini sakafuni. Kadi ikaingia ikakaa kama imezaliwa humo.

Kisha wakaliwasha likiwa limefungwa, saa ya jua kali, na Masasi jua lake mnalijua. Wakaliweka kazini, likatafuna picha zile nzito kabisa. Likapata joto, ukiligusa unasikia, lakini halikuzima.

"Haya, nimesalimu amri," Cuthbert akasema. "Likistahimili joto la Masasi, kwenu huko juu Newala litavaa sweta."

"Soksi linayo tayari."

Ilibidi Lois arudi siku hiyohiyo. Jirani yake Faudhia alikuwa na binti anayetoka unyagoni Jumamosi, na maandalizi nayo yalitakiwa yapigwe. Wakakubaliana kompyuta ibaki Masasi ikijaribiwa, kesho yake Cuthbert aikabidhi kwenye basi, na Alfredi aipokee stendi ya Newala kwa pikipiki. Lois akarudi nyumbani mguu mmoja na soksi mwingine bila, na hakujali hata kidogo.

Kesho yake mvua ilinyesha. Si manyunyu, mvua yenyewe, ile ya kwanza ya kushiba. Lois akafurahi kwa sababu ya matangi, maana huku juu maji ya mvua ni mali, na papo hapo akaogopa kwa sababu ya kompyuta. Alishinda anatoka mlangoni anaingia, anatoka anaingia. Mvua ilipokatika akasikia pikipiki ya Alfredi, akatoka mbio na khanga mkononi.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza, ile harufu ya kiberiti, mwezi wa Desemba, wakati hakuna mtu anayepuliza.

Alfredi alishuka amelowa chepechepe, maji yanamtiririka puani, na uso wake una fahari. Kifuani amekumbatia mzigo uliofungwa kwa plastiki nene, umekazwa kamba kila upande.

"Halikupata hata tone," alisema kabla hajasalimia. "Boksi lake lilishalowa stendi, likaachana mikononi mwangu, nikalitupa. Nikalitia lenyewe humu. Mimi nimelowa, lenyewe kavu."

"Baba Anderson. Hiyo plastiki umeitoa wapi?"

"Si ile ya ndani ya mfuko wa salfa? Mvua zikianza siendi popote bila nayo. Haina tundu hata moja. Na nimeikung'uta vizuri."

Jamani. Mkulima gani wa huku angefanya vingine? Plastiki ya salfa ndiyo tunayofunikia mahindi, ndiyo tunayowatandikia watoto wasiloweshe kitanda, ndiyo tunayovaa mvua ikitukuta njiani. Mtu anayekipenda kitu anakitia humo. Lakini Lois akakaa kwenye kibaraza na khanga yake. Alikuwa anawaza ile njia yote kutoka stendi, pikipiki inaruka kila shimo, na kasha linatikiswa ndani ya salfa kama unga kwenye chekeche.

Alfredi hakuelewa mara moja. Aliuweka ule mzigo wake, akafungua kamba, akalitoa kasha. Lilikuwa la manjano juu, la manjano ubavuni. Ndipo akaangalia viganja vyake. Vilikuwa vya manjano pia. Akamwangalia mkewe, na Lois akaona kwa macho yake fahari ikimtoka mwanamume, kila kitu kikimshuka usoni. Alfredi naye akakumbuka Julai. Na akakumbuka neno lake, maana lilikuwa lake, hakuna aliyemlazimisha kulisema.

"Mama Anderson," alisema, na sauti haikuwa yake. "Nimeliua?"

Lois hakujua. Alitaka kumfokea, na Mungu anajua maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamepangwa. Lakini ukimtazama yule mtu alivyolowa, shati limemganda mwilini kwa sababu plastiki yake ya kujikinga alilivisha kasha, utamfokea nini? Akanyanyuka kwenda kuchukua bisibisi.

"Fungua wewe," alimwambia, akimnyooshea ile bisibisi.

"Mimi sigusi tena," Alfredi akasema, akarudi nyuma hatua nzima na viganja vyake juu.

Lois akafungua mwenyewe, palepale kibarazani, kukiwa kweupe. Kwanza akafuta nje kwa kitambaa kikavu. Akachungulia nyuma. Soksi ilikuwa ya manjano kabisa. Akachomoa chujio la mbele, likatoka kama kiini cha yai, na hapo akafumba macho akasema, Bwana wee. Akatoa skrubu ya kwanza. Ya pili ilikataa, akaibembeleza. Ubavu ukaachia.

Ndani kulikuwa kweusi.

Hakuamini. Akachukua leso yake nyeupe ya kanisani, akaizungusha kidoleni, akaipitisha sakafuni mwa kasha, kwenye kona, chini ya kadi, kandokando ya bodi. Akaitoa akaitazama kwenye mwanga. Ilikuwa safi. Akainusa. Ilinuka poda ya mtoto.

Lois alipiga kigelegele kilichomtoa Faudhia jikoni kwake ng'ambo ya pili, akaja anakimbia na mwiko, akidhani kuna mtu amejifungua. Alimkuta mwenzake anacheka na kulia kwa pamoja, leso imekandamizwa puani, na Alfredi amesimama kwenye matope ameinua mikono kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu!" Lois akasema. "Hakuna kitu humu ndani, Mama, njoo uone! Hakuna kitu!"

Faudhia akachungulia, akaona vyuma, akaondoka anatikisa kichwa.

Chujio likaoshwa kwa maji ya mvua likaanikwa kwenye kamba, na ile soksi ya pili ya Lois ikakatwa nayo, ikabanwa mahali pa ile ya manjano. Wakasubiri likauke, na kusubiri kule kulikuwa kutamu. Lois alipika ugali, akaimba, mara anakwenda kamba kulibonyeza lile sponji kama nguo ya mtoto mchanga. Lilipokauka akalirudisha, akafunga kila skrubu, akaliweka kasha juu ya meza ya cherehani katika kile chumba cha katikati, akachomeka nyaya, akabonyeza.

Feni ikaanza kuvuma polepole. Skrini ikawaka. Picha za Juni, zile zilizokatikia njiani, zikajitokeza zote zimejipanga zikimsubiri. Lois akapumua pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu Julai.

Nyuma yake Alfredi alikuwa amesimama mlangoni. Vidole vya miguu vimeishia kwenye kizingiti, anarefusha shingo aone skrini.

"Lile neno nililosema," akaanza. "La kwamba likifa, basi."

"Nalikumbuka."

"Nalifuta. Lingekufa leo, ningekuwa nimeliua mimi, halafu nikakuhukumu wewe." Akaangalia viganja vyake. "Na hata likija kufa kwa jambo lingine, tutatafuta jingine. Msimu wa salfa ukianza, nitakuwa nakuja kukwambia kwanza, uzime, ufunge, ndipo nipulize."

Lois aligeuka akamtazama. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Akasogea kando, akamwachia nafasi.

"Sasa mbona huingii?"

"Nina salfa," Alfredi akasema.

"Vua shati uingie."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Alfredi akavua shati, akalitundika kwenye msumari wa barazani, akakinga mikono yake chini ya mchirizi wa bati akaisugua mpaka manjano yakaisha, kisha akaingia kifua wazi, akavuta kigoda akakaa kando ya mkewe.